Zamu ya Maji

Profesa Casilda Arnedo alipanga chumba chetu cha juu, Kibokoni,
miezi mitatu, akalipa mbele kwa noti zilizonyooshwa,
akauliza swali moja kabla ya kufungua sanduku:
maji hutoka saa ngapi?

Mama akacheka. Akamwambia, hapa maji
hayatoki kwa saa, hutoka kwa siku,
na siku yenyewe hatuambiwi.

Aliandika jawabu lile daftarini.
Miaka thelathini na minane, nilijua baadaye,
alikuwa akikusanya majawabu ya namna hiyo,
ila ya watu waliokwisha kufa:
wakulima wa bonde moja la Uhispania, zama za kati,
Waislamu kwa Wakristo, waliogombea mfereji
hata kadhi akaandika na padri akaandika,
na ngozi ya kondoo ikautunza ugomvi
vizuri kuliko watu walivyotunzana.

Chuo kilimwajiri kwa mkataba wa mwaka,
kisha wa mwaka, kisha wa mwaka, mara kumi na moja.
Tasnifu yake ilikuwa na kurasa mia saba
na wasomaji watano; wawili kati yao
walilipwa kuisoma. Alisema hivyo akimenya muhogo,
bila uchungu, kama mtu atajaye bei.
Kiti cha uprofesa kilipokuwa wazi
kilikaliwa na mwenzake, aliyeandika juu ya wafalme.
"Wafalme wana panga," akasema. "Mimi nilikuwa na mfereji."
Alikipata mwenyewe akiwa na miaka hamsini na sita,
kimeshaanza kuyumba.

Kazi yangu ilikuwa kumfasiria.
Nilimsomea hati za visima, za herufi za Kiarabu,
alizoziacha babu ndani ya kopo la biskuti.
Fulani ameweka wakfu kisima chake: ndoo ya kwanza
ya wapita njia, ya pili ya msikiti, ya tatu ya jirani,
na asizuiwe mtu kwa dini yake wala kwa deni lake.
Hapo akaniomba nirudie. Nikarudia.
Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanga ya mama.
"Deni," akasema. "Kule kwangu hawakufikia deni."

Siku ya kumi na tisa bila maji, foleni ya kisimani
ilifika dukani kwa Badrudini, matusi yakapanda bei.
Tsuma, mwenye mkokoteni, akatoboa kopo la samli,
akalielesha ndani ya karai: likizama, zamu yako imekwisha.
Foleni ikanyamaza. Profesa, na ndoo yake mkononi, akashika ukuta.
Kopo lile alilitafuta tangu ujana.
Maneno mawili, yameliwa na nondo, katika hati moja ya mfereji,
"chombo kizamacho"; aliyatetea kwenye kongamano
watu wazima wakamcheka mbele ya wanafunzi wake.
Akaniambia, muulize: amerithi kwa nani?
Kwa babu? Kwa Waarabu? Imepita karne ngapi?
Nikauliza.

"Nirithi kwa nani? Nimelitunga leo asubuhi.
Mumezidi fujo."

Nilifasiri neno kwa neno, nikiogopa kumtazama.
Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

Alistaafu mwaka uleule. Makala yake ya mwisho
ilikuja kwa posta, kurasa ishirini, Kihispania kitupu,
ila chini ya ukurasa wa tisa, kwa herufi za sisimizi:
Tsuma Mwagandi, muuza maji, Kibokoni, Jumanne.

Nikampelekea. Akauliza tanbihi hulipa kiasi gani.
Nikasema hailipi.
Akaitazama tena, kidole juu ya jina,
kisha akataka nimtafutie kipande cha nailoni,
isije ikarowa.